Kisigino cha Kushoto

Luvungi, 9 Februari 1975

Déo,

Juu ya bahasha nimeandika jina lako la Kizaire, Citoyen Bahizire, kama serikali inavyotaka. Humu ndani wewe ni Déogratias yuleyule niliyefunga naye ndoa.

Philémon anapakia mchele na amesema lori lake halisubiri barua ya mtu, kwa hiyo ninaandika haraka. Mama ni mzima. Tangu Baba azikwe hataki kulala chumbani kwao, analala jikoni. Anasema kule ndani nafasi imekuwa kubwa mno. Shuleni nina watoto wa mwaka wa pili. Benchi hazitoshi, wengine wanakaa chini. Wananiita Maman Bukavu na wananiuliza kama ni kweli kule juu watu wanalala na blanketi mbili.

Sasa jambo lenyewe. Direkta ameniuliza kama nitasaini kwa mwaka ujao wa masomo. Anataka jibu kabla Juni haijaisha. Nikisaini, nabaki huku mwaka mwingine mzima. Nisiposaini, narudi nyumbani kwetu Nguba. Nimemwambia nitafikiri. Mama alisikia, akaniuliza: "Na bwana yako anasema nini?" Nikamjibu kwamba bwana yangu anasema mvua inanyesha Bukavu na ziwa limechafuka. Ndivyo ulivyoandika Desemba, na ndivyo ulivyoandika Januari.

Mama anasema mwanaume anayemtaka mke wake anakuja kumwomba kwa mdomo wake. Anakaa kwenye kiti, amevaa suruali, mkubwa mmoja wa kwao yuko kando yake, na mtungi wa kasiksi, ile pombe yenu ya ndizi, uko mlangoni. Siku nilipopanda lori kuja kumsaidia mama ulisema utakuja kunichukua. Utakumbuka pia nilichokuambia mimi. Kila asubuhi unakimbia, na kila asubuhi unarudi palepale ulipotoka. Siku moja ukimbie ufike fasi, ufike mahali.

Mkeo,
Séraphine

*

Bukavu, Nguba, 23 Februari 1975

Séraphine,

Barua yako imefika ikinuka mchele. Niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Kongé yangu, likizo ya kazi, haijasainiwa. Mkuu wangu anasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika anasema hivyohivyo. Mvua... hapana, sitaandika juu ya mvua.

Nyumba imetulia. Hatuna mtoto wa kupiga kelele, hilo unalijua, na betri za redio zimekwisha. Jumapili dada Eulalie ananiletea bugali na sombe ya majani ya muhogo, ananiuliza utarudi lini, kisha anajijibu mwenyewe. Siku nyingine ninapika. Mkono bado unapima ya watu wawili. Ninakula sehemu yangu, na kesho yake ninakula ile nyingine.

Ninakimbia kama zamani. Ninatoka mapema, ninafuata ziwa, ninapanda hadi kwenye ofisi za Ibanda, ninarudi. Wale mama wa makala, wauza mkaa, bado wananipigia kelele: "Papa, nani anakufukuza?" Zamani nilikuwa ninawajibu kwamba bibi yangu ananifukuza, wanacheka. Sasa ninainua mkono tu na kupita. Viatu ulivyonishonea kwa uzi wa bluu wa mapazia bado vinashika.

Nitakuja. Usisaini kitu. Niambie mambo mawili tu: barabara ya mlima wa Ngomo iko namna gani baada ya mvua (haya, nimeiandika), na Jumamosi mchana mama anakuwa nyumbani au shambani.

Wako,
Déo

*

Luvungi, 2 Aprili 1975

Déo,

Mwanzoni mwa Machi nilikujibu kwamba Ngomo ni matope na kwamba Jumamosi mchana mama yuko shambani hadi jioni. Machi imeisha. Hukuja, na hukuandika.

Habari ya huku ni mwizi. Jumamosi ile kabla ya Pasaka mama hakwenda shambani, kwa sababu akina mama wa kanisa walikuja kumsaidia kupukuchua maharage. Mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mchana, jua likiwa kali, mama akaona mtu amesimama katikati ya migomba, anaangalia nyumba. Anasema aliona miguu kwanza. "Miguu mirefu kama ya korongo, na magoti nje, mutu muzima!" Unajua macho yake hayaoni mbali. Akanyanyuka ili aone vizuri. Yule mtu naye akamwona, akageuka, akakimbia.

Mama akapiga yowe: "Mwizi! Iko mwizi mu migomba!" Vijana wote wa mtaa wakatoka. Wakamfuata kwenye shamba la muhogo, wakamfuata hadi kwenye mifereji ya mchele. Huko akaacha kiatu kimoja kwenye matope, akaendelea na mguu mtupu juu ya mawe ya barabara. Hawakumshika. Mmoja wao aliniambia: "Mwalimu, mwizi ule si wa kawaida. Sisi tulichoka, yeye hapana."

Wengine wanasema ni askari aliyetoroka kambi. Wengine wanasema alikuja kwa ajili ya mbuzi wetu. Mzee Venant, mkuu wa kijiji, ameweka kile kiatu nyumbani kwake kuwa ushahidi. Mama anasimulia hadithi hii kwa kila anayepita, na kila mara miguu ya mwizi inazidi kurefuka. Ni mara ya kwanza ninamsikia akicheka tangu msiba, kwa hiyo simzuii.

Direkta ameuliza tena.

Séraphine

*

Bukavu, Nguba, 20 Aprili 1975

Séraphine,

Unisamehe kukawia. Mguu wangu wa kushoto umekataa kazi.

Ni kisigino. Nadhani nilikanyaga vibaya kwenye ngazi za ofisi. Asubuhi, nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ni kama kukanyaga msumari. Ninashika ukuta hadi jikoni. Maji yakichemka maumivu yamepungua, ninadanganyika kwamba yamekwisha. Kisha ninakaa ofisini, ninasimama kupeleka karatasi kwa mkuu, na msumari uko palepale. Wenzangu wanasema ninatembea kama mtu aliyeficha yai ndani ya soksi.

Wiki ya kwanza niliendelea kukimbia. Nilifikiri maumivu yatachoka kabla yangu. Hayakuchoka. Nilikwenda kwenye dispensari moja ya mtaani, wakanipiga sindano matakoni na kunipa aspirini, na mguu ukabaki kama ulivyo. Sasa sikimbii kabisa. Asubuhi ninaamka saa ileile, kwa kuwa mwili umezoea, na ninakaa kwenye kiti cha barazani hadi saa ya kazi. Sikujua kwamba asubuhi ni ndefu hivi. Wale mama wa makala wanapita chini yangu na mizigo yao. Jana mmoja aliniita: "Papa, yule aliyekuwa anakufukuza, alikushika?"

Nimefurahi kusikia mama anacheka. Mwambie pole kwa hofu aliyopata. Hawajui bado yule mtu alikuwa nani?

Déo

*

Luvungi, 4 Mei 1975

Déo,

Februari ilikuwa kongé. Aprili ni kisigino. Nisome barua zako namna gani?

Mama anasema uweke mguu ndani ya maji ya moto yenye chumvi. Mimi ninasema kisigino hakimzuii mtu kupanda lori. Kwenye lori watu wanakaa. Unakuja na tonton Gaston, mkubwa wa kwenu, unavaa suruali, unakaa kwenye kiti, unasema maneno machache. Hakuna anayekuomba ukimbie.

Wala huyo mwizi hakuhusu. Wewe unauliza habari za mwizi, huulizi habari za mkeo.

Séraphine

*

Bukavu, Nguba, 11 Mei 1975

Séraphine,

Una haki ya kukasirika. Juu ya tonton Gaston, mpe muda. Amesema hataki kusikia jina la lori la Philémon mwaka huu. Ana sababu zake.

Nilifanya maji ya chumvi. Yanapendeza, hayaponyi. Kisha Eulalie akanipeleka kwa Emile, yule anayewakanda wachezaji wa mpira. Emile alikandamiza kisigino kwa dole gumba, mahali pamoja tu, mbele kidogo ya mfupa, na nikaruka hadi dirishani. Akasema: "Ndiyo huyu. Papa, chini ya muguu iko mukanda, unatoka ku kisigino unaenda ku vidole. Wako umevutwa sana, umeanza kuchanika pale unashikia mufupa. Sindano ya matako itafika huko lini?"

Amenipa kazi, na ninaifanya yote. Kabla ya kushuka kitandani ninakaa, ninapitisha kitambaa chini ya vidole na kukivuta kuja kwangu, polepole, hadi shavu la mguu linyooke. Hatua ya kwanza baada ya hapo ni mbaya bado, lakini haipigi yowe. Barazani ninasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, ninashusha visigino chini ya ukingo, ninapanda tena. Jioni ninaviringisha chupa ya bia ya Primus chini ya unyayo. Imejaa maji na imelala dirishani ipate baridi. Sikanyagi simenti na mguu mtupu, hata kwenda kuoga. Ndani ya viatu vya ofisi nimeweka sponji iliyokatwa kwenye godoro la zamani. Kukimbia, hapana. Emile anasema siku hatua ya kwanza ya asubuhi itakaponyamaza, ndipo tutazungumza.

Kitambaa ninachovutia ni kikwembe chako cha maua ya njano, kile ulichoacha nyuma ya mlango. Taulo ni fupi. Kila asubuhi ninakaa katikati ya kitanda na kuvuta kikwembe chako kwa mikono miwili. Mtu akichungulia dirishani atafikiri kuna mwingine upande wa pili anavuta.

Emile ni mtu wa maswali. Aliangalia unyayo, akaona makovu ya mawe, akaniuliza: "Ulishuka mulima murefu? Ulikimbia bila kiatu?" Nikamwambia mimi ni mtu wa ofisi, ninafanya kazi nimekaa. Akanicheka usoni.

Bado Juni haijaisha. Ninakuomba usisaini.

Déo

*

Luvungi, 24 Mei 1975

Déo,

Leo asubuhi, baada ya salongo, kazi ya kijiji ya kusafisha mifereji, mzee Venant alitoa kiatu cha mwizi mbele ya watu wote. Alitaka kukitupa, kwa kuwa mwenyewe hakujulikana. Nilikuwa mstari wa kwanza na watoto wangu wa shule.

Ni cha kushoto. Kimeshonwa ubavuni kwa uzi wa bluu, mishono ya mtu anayeshona kwa haraka kabla taa haijazimika. Mkono wangu ninaujua.

Nilimwomba mzee asikitupe bado. Mama sijamwambia kitu.

Andika.

Séraphine

*

Bukavu, Nguba, 1 Juni 1975

Séraphine,

Ilikuwa hivi.

Uliniambia nikimbie nifike fasi. Maneno hayo nilikimbia nayo miezi mitano kando ya ziwa. Februari niliamua nitakuja kwako kwa miguu, kutoka mlango wetu hadi mlango wa mama, na nilianza kujitayarisha bila kumwambia mtu. Lakini sikusahau adabu. Najua mkwe hasimami mbele ya mama mkwe magoti yakiwa nje. Nilipatana na Philémon. Lori lingebeba tonton Gaston, mtungi wa kasiksi, na mfuko wenye suti yangu mpya ya abakosi na viatu vya ngozi. Mimi ningetangulia alfajiri. Lori lingenipita njiani na kunisubiri kwenye daraja dogo kabla ya kijiji chenu. Ningenawa, ningevaa, tungeingia wote watatu kama watu. Mama angekuwa shambani, wewe ungetupokea kwanza. Ndiyo maana nilikuuliza habari za Jumamosi.

Nilikimbia vizuri. Hadi Nyangezi nilikuwa bado ninaimba. Kuteremka Ngomo ndiko kulikoniua. Barabara inashuka na kushuka, unapiga kisigino chini kwa kila hatua, na huwezi kupumzika kwa sababu mlima wenyewe unakusukuma. Kule juu niliona bonde lote, jeupe kwa jua, na mabati yanang'aa mbali. Nilisema moja kati ya yale ni la kwao. Kufika chini kisigino kilikuwa tayari kinauma. Sikukisikiliza.

Daraja likaja. Lori hapana. Nilisubiri. Watoto walikuja kuniangalia. Nikafikiri labda Philémon amenipita bila kuniona na wamekwisha kufika kwenu. Nikaja hadi kwenye migomba ili nichungulie kama lori liko uani. Lori halikuwepo. Nilikuwa nimefika kabla ya suruali yangu.

Hapo mama akanyanyuka. Nilimwona vizuri, Séraphine. Angepiga hatua mbili nyingine angenitambua. Ningeweza kusimama na kusema, Mama, ni mimi, mkwe wako, nimekuja kumwomba mke wangu. Kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, magoti yangu, na wale mama wote wa kanisa wanayaangalia. Nikageuka. Na mtu akigeuka mara moja hawezi kugeuka mara ya pili akiwa na vijana nyuma yake.

Lori lilikuwa limezama kwenye matope ya Ngomo. Nililikuta jioni likija, mimi ninachechemea na kiatu kimoja. Mtungi ulikuwa mtupu. Tonton Gaston aliwapa kasiksi watu waliosukuma lori, naye akawasaidia kuimaliza. Aliniangalia toka kichwani hadi kwenye ule mguu, akasema: "Bukwe hatuingii na mwizi." Kwa wakwe zangu basi hatukuingia. Philémon alipakia mchele wake, nikalala juu ya magunia hadi Bukavu. Nilimwomba asiseme.

Ngazi za ofisi hazikunifanya kitu. Nilikudanganya.

Mguu ukipona kidogo nitakuja kwa lori, kwa suruali. Kama mama atakubali kunipokea.

Déo

*

Luvungi, 15 Juni 1975

Déo,

Nilianza na Philémon. Nilisimama mbele ya lori lake na kumwuliza kwa nini alibeba barua zetu miezi hii yote akijua. Akasema: "Maman, mimi niko chauffeur, siko redio."

Kisha nilimwambia mama. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Aliendelea kuchagua hadi ungo ukaisha. Halafu akafunika uso kwa kikwembe chake, na nilifikiri analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia. Anasema amemwita mkwe wake korongo mbele ya parokia nzima, na sasa atapita wapi. Kwao mama mkwe aliyemfukuza mkwe anatuma kuku. Kuku huyo yuko kwa Philémon, amefungwa miguu, ni jike, usimchinje haraka kwa sababu anataga.

Mzee Venant hakubali kunipa kiatu. Anasema ushahidi haurudishwi kwa mke wa mwizi. Mwenyewe aje, akivae mbele yake, aone kama kinamtosha. Anasema hivyo akiwa amebana midomo asicheke. Nadhani ndiyo namna yake ya kukualika.

Sasa nisikilize. Na mimi nina jambo.

Nilisaini. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Mei. Direkta alikuja darasani na karatasi. Nilikuwa na barua yako ya Aprili, ile ya kisigino na ngazi, na nilikuwa nimekwisha kukujibu kwa hasira. Nilifikiri: huyu hatakuja, anatafuta maneno tu. Barua yako ya kikwembe ilikuwa bado juu ya lori. Ilifika kesho yake. Niliisoma shuleni, nikairudisha ndani ya bahasha, na sikuweza kukuandikia hadi siku ya kiatu. Hata siku ile sikukuambia hili.

Nimemwuliza direkta kama karatasi inaweza kurudi. Imekwisha kupelekwa Uvira. Nikiacha sasa, watoto sitini watakaa bila mwalimu, na mimi sitapewa shule nyingine mahali popote. Ni hadi Julai ya mwaka ujao.

Hili halikuzuii kuja. Labda linakupa sababu ya kutokuja. Sijui. Wewe ndiye utaamua, na nitaelewa.

Séraphine

*

Luvungi, 29 Juni 1975

Déo,

Philémon amepanda na kushuka mara mbili bila barua yako. Anasema alikuona barazani, ukainua mkono.

Kuku alifika?

S.

*

Bukavu, Nguba, 27 Julai 1975

Séraphine,

Jumapili iliyopita ulikuwapo, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia kitu. Ninaandika machache tu ambayo usingeweza kuyaona.

Sikukujibu mwezi wa Juni kwa sababu kila jibu nililoliandika lilikuwa barua ya mtu mwingine. Moja ilikuwa ya mkuu wa ofisi. Moja ilikuwa ya mtoto. Nilizitia jikoni, zikachemsha maji ya kuku wako, maana nilimpikia pumba. Anataga chini ya kiti changu cha barazani. Basi nikaenda kwa tonton Gaston, nikamwambia atakaa mbele, karibu na dereva, na kwamba safari hii suruali nitaivaa toka nyumbani. Akasema kwa masharti hayo anaweza.

Kule kwenye kiti, ndani ya abakosi, jasho lilikuwa linanishuka hadi kwenye soksi. Mama ameketi mbali, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, anazungumza na ukuta. "Séraphine, muulize mugeni kama miguu yake imepona." Nawe unaniuliza, na mimi ninakujibu, na wewe unamwambia ukuta. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Nilisema yale uliyoyasikia: kwamba nimekuja kumwomba mke wangu kwa mdomo, na kwamba nimeambiwa atabaki mwaka, na kwamba ninamwomba vilevile, kwa Julai ijayo. Sikujua kama inaruhusiwa kuomba kitu cha mwaka mzima mbele. Nilihesabu nzi waliokuwa juu ya mtungi. Kisha mama akauambia ukuta: "Mwambie aache kiatu hapa. Atakuja kukichukua."

Mzee Venant hakufurahi, kwani alikuwa amekwisha kuniona nimekivaa na abakosi, na kijiji kizima kimekwisha kucheka. Alitaka nirudi nacho ili kesi ifungwe. Lakini nilikiacha jikoni kwenu, juu ya ile rafu ya chumvi. Sasa huku nina cha kulia peke yake.

Uliponisindikiza hadi kwenye lori hatukusema kitu, tonton Gaston alikuwa anatusikiliza. Ngomo tuliipanda taratibu. Kule juu niligeuka. Safari hii nilijua bati lenu ni lipi.

Emile anasema kisigino kama changu kinaweza kuchukua mwaka kupona sawasawa. Nikamwambia mwaka ninao. Akanipa zoezi jingine, la kukunja taulo kwa vidole. Amesema siku ya kwanza isiyouma si siku ya kukimbia. Ninatakiwa kungoja wiki nzima ya asubuhi kama hiyo, kisha nitembee kando ya ziwa, mahali tambarare, kisha ndipo nikimbie kidogo na viatu vipya. Nikianza kukimbia mapema, mkanda utachanika upya.

Sababu ya barua hii ni asubuhi ya leo. Nilivuta kikwembe kama kawaida, nikashusha miguu, nikavaa ndara, nikasimama. Nilingoja msumari. Haukuja. Nilipiga hatua ya pili, nikafika mlangoni bila kushika ukuta. Nikafungua mdomo nimwambie mtu.

Chakula cha jana kilikuwa juu ya meza, sehemu ile ya pili. Nilirudi, nikakaa kitandani upande wako, nikatafuta kalamu.

Hakikuuma, Séraphine.

Déo